Mpira badala ya vyuma: namna ya kujenga misuli ukiwa nyumbani

Ukitaja mazoezi hapa Singida, wengi huwaza mbio. Si ajabu, maana mkoa huu ndiko anakotoka Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Septemba 2025. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri jambo la pili pia: kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea au kukimbia.

Kwa nini? Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga. Mapaja yakilegea, mzee huinuka kwenye kigoda kwa shida, na akijikwaa huanguka kwa urahisi. Kuanguka huko kunaweza kuvunja nyonga.

Vijana wa mitaani wanajua dawa yake: humimina zege kwenye makopo mawili, wakayaunganisha kwa bomba na kunyanyua. Kwa mama wa miaka 55 hilo ni gumu, na likimponyoka linaumiza. Hapo ndipo mkanda wa mpira unapofaa.

Unafanyaje kazi?

Kumbuka manati ya utotoni. Ukianza kuvuta mpira ni laini. Ukizidi kuvuta unakaza. Chuma cha kilo 10 ni kilo 10 chini na juu, ila mpira huongeza ugumu kadiri unavyorefuka. Kwa hiyo usianze ukiwa umelegea. Uvute kidogo kwanza, ndipo uanze zoezi.

Misuli haibagui chuma na mpira. Inachohitaji ni kazi nzito inayoongezeka polepole. Mwaka 2019 watafiti wa Brazil walilinganisha matokeo ya tafiti 8 na kuona kwamba nguvu inayopatikana kwa mpira inakaribiana na ile ya vyuma.

Mazoezi matatu ya kuanzia

1. Miguu: kanyaga mkanda kwa miguu yote miwili, shika ncha zake usawa wa mabega, chuchumaa kama unayekaa kwenye kiti, kisha simama.
2. Mgongo: kaa chini, nyoosha miguu, pitisha mkanda kwenye nyayo, vuta viwiko nyuma huku mgongo umenyooka.
3. Kifua: pitisha mkanda nyuma ya mgongo, chini ya makwapa, kisha sukuma mikono mbele.

Rudia kila zoezi mara 10 hadi 12, pumzika dakika 1 au 2, kisha fanya mzunguko wa pili. Zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Ukifikisha 15 bila shida, shika mkanda karibu zaidi au ukunje mara mbili. Usibane pumzi, toa pumzi unapovuta au kusukuma.

Tyubu ya baiskeli je?

Mikanda maalumu huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Usipoipata, tyubu kuukuu ya baiskeli, ile inayokatwa kufungia mizigo, inaweza kusaidia. Ioshe, kisha ivute taratibu uikague: ikiwa na nyufa au kiraka, usiitumie. Usiianike juani, maana jua huharibu mpira. Vaa viatu unapoukanyaga, na usiuvute kuelekea usoni. Ukikatika unaweza kuumiza jicho.

Mpira una upungufu wake. Hauonyeshi kilo, kwa hiyo andika idadi ya marudio ili uone kama unasonga mbele. Na mwenye miguu yenye nguvu sana atafika mahali mkanda mmoja haumtoshi.

Mkulima anaweza kusema jembe linatosha. Jembe ni kazi kweli, lakini linakuinamisha, na alizeti ikishavunwa kazi hiyo hupungua kwa miezi. Zoezi la kuvuta huimarisha mgongo wa juu, tena mwaka mzima.

Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni apite kwanza kituo cha afya. Wengine wanaweza kuchagua siku mbili zisizofuatana, mfano Jumatatu na Alhamisi, na kutenga dakika 20 kila siku.