Kupima Mitetemo Huru na Mitetemo ya Kushurutishwa kwa Springi na Chupa ya Maji

Mitetemo ni mada ambayo mara nyingi hufundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu huandika maana yake ubaoni, wanafunzi wakainakili, na somo likaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu wanachuo kwamba wanafunzi wenyewe wanaweza kuipima mitetemo kwa vifaa vya bei nafuu, mradi utaratibu mmoja uzingatiwe: mtetemo huru upimwe kwanza, ndipo ufuate ule wa kushurutishwa. Anayeanza na wa pili hupata tarakimu nyingi asizoweza kuzieleza.

Tuanze na maana. Bembea iliyosukumwa mara moja ikaachwa hufanya mtetemo huru: hufuata mwendo wake wenyewe, na kidogo kidogo hutulia. Bembea inayoendelea kusukumwa hufanya mtetemo wa kushurutishwa. Hewa, maji na msuguano hupunguza mtetemo. Hivyo tutaviita vizuizi.

Vifaa

Zinahitajika springi moja ndefu na laini, chupa mbili za plastiki za nusu lita, kifuniko cha bati cha kopo, waya, ndoo ya maji, rula, kamba nyembamba, uzi, jiwe dogo, na saa inayoonyesha sekunde. Chupa zijazwe maji hadi mdomoni, kwani maji ya chupa isiyojaa huyumbayumba na kuharibu vipimo. Kila chupa iliyojaa ina tungamo la gramu 500 hivi. Springi ifungwe kwa kamba kwenye upau laini, chupa ining'inizwe chini yake, na rula isimamishwe kando. Inafaa springi ambayo chupa moja huirefusha kwa sentimeta 25 hivi. Springi ikikosekana, mkanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli utatumika. Lakini mpira haurefuki kwa uwiano sawa, nao wenyewe huzuia mtetemo, kwa hiyo tarakimu zitatofautiana na zilizotajwa hapa.

Hatua ya kwanza: mtetemo huru

Kabla ya kupima, kila kikundi kiandike kinachotarajia: je, chupa ikivutwa mbali zaidi, mtetemo mmoja utachukua muda mrefu zaidi? Wengi watasema ndiyo. Kisha chupa ivutwe sentimeta 3 na kuachwa, na muda wa mitetemo 20 upimwe. Irudiwe kwa sentimeta 6. Hesabu ianze na "sifuri" chupa inapoanza safari. Anayeanza na "moja" atakuwa amepima mitetemo 19. Tunapima 20 kwa pamoja ili kosa dogo la kubonyeza au kusoma saa ligawanywe kwa 20.

Springi ikirefuka sentimeta 25, mitetemo 20 itachukua sekunde 20 hivi, yaani sekunde 1 kwa kila mtetemo, chupa ivutwe kidogo au zaidi. Ikiongezwa chupa ya pili, tungamo huwa maradufu, lakini muda hauwi maradufu: utakuwa sekunde 28 hivi. Ili muda uwe maradufu, tungamo lazima liwe mara nne.

Sasa iachwe chupa moja tu. Ivutwe sentimeta 8, na wanafunzi wahesabu mitetemo mpaka umbali wa kwenda na kurudi kutoka mahali pa utulivu upungue hadi sentimeta 4. Kisha kifuniko cha kopo kifungwe kwa waya chini ya chupa, kizame ndani ya ndoo ya maji, na hesabu irudiwe. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo kipimo cha kizuizi.

Hatua ya pili: mtetemo wa kushurutishwa

Kifuniko kibaki majini. Kamba ifunguliwe kwenye upau, ipitishwe juu yake, na ncha ishikwe na mwanafunzi mmoja. Kamba itiwe fundo, na mwanafunzi alipandishe na kulishusha fundo hilo kati ya alama mbili zilizo umbali wa sentimeta 2. Mwendo wa mkono uongozwe na pendulamu, yaani jiwe lililofungwa kwenye uzi. Uzi wa sentimeta 100 hutoa sekunde 2 kwa kila kwenda na kurudi. Sentimeta 49, sekunde 1.4, sentimeta 36, sekunde 1.2, sentimeta 25, sekunde 1, sentimeta 16, sekunde 0.8. Urefu huo upimwe hadi katikati ya jiwe.

Kwa kila urefu wa uzi, tungoje mizunguko 20 hivi kabla ya kupima, kwani mwanzoni mwendo wa chupa yenyewe huchanganyika na ule wa mkono. Baadaye chupa hufuata mwendo wa mkono. Mkono ukienda polepole, chupa huusindikiza kwa umbali unaokaribiana na wake. Ukienda haraka sana, chupa husogea kidogo tu, tena kinyume na ncha ya juu ya springi. Uzi ukiwa sentimeta 25, mtetemo hukua kupita yote. Wanasayansi huiita hali hiyo rezonansi. Hapo wanafunzi wasikaribie chini ya chupa.

Mwalimu aulize: kwa nini ni sentimeta 25, urefu uleule ambao springi ilirefuka? Kwa sababu muda wa pendulamu hutegemea urefu wa uzi kama muda wa springi unavyotegemea kiasi ilichorefushwa na mzigo. Aliyepima mtetemo huru ataligundua jambo hili. Asiyeupima ataliona kama mazingaombwe.

Faida ya somo

Mwaka 1831 daraja la Broughton nchini Uingereza lilianguka askari walipolivuka kwa hatua za gwaride. Baada ya hapo askari waliamriwa waache kwenda kwa hatua moja madarajani. Mwaka 2000 daraja la Millennium la London lilifungwa siku mbili baada ya kufunguliwa, kwa kuwa liliyumba chini ya waenda kwa miguu. Lilitiwa vizuizi na kufunguliwa tena mwaka 2002. Shokamzoba ya gari hufanya kazi hiyohiyo ya kifuniko chetu ndani ya ndoo.

Mwisho, tunawahimiza walimu wanachuo wasitaje majibu mapema. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jibu ni sekunde 20 ataandika 20 hata kama saa yake imeonyesha 21, naye atakuwa amejifunza kumpendeza mwalimu badala ya kupima. Hiyo 21 iandikwe, kisha darasa zima litafute sababu: labda hesabu, labda uzito wa springi yenyewe.