Utangulizi: Mbwa Mpakani

Ukisimama Lwakhakha, kaunti ya Bungoma, mpaka wa Kenya na Uganda ni mto. Wabukusu wa upande huu wana wajomba na mashemeji ng'ambo, na wakivuka kwenda matangani mbwa huwafuata. Barabara ya kutoka Kitale kupitia Endebess hadi Suam nayo ina habari hiyohiyo, kwa Wasabaot na ndugu zao Wasebei. Mtu huulizwa kitambulisho, mbwa hupita.

Sasa mchukue mbwa huyohuyo, mwenyewe anahamia Ujerumani na hataki kumwacha. Kwanza daktari wa mifugo anamwekea chini ya ngozi ya shingo chipu ndogo kama punje ya mchele, yenye namba ya tarakimu 15. Kisha anamdunga chanjo ya kichaa cha mbwa, naye awe ametimiza wiki 12. Baada ya siku zisizopungua 30 anatolewa damu, inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kinga ikipimwa isipungue uniti 0.5 kwa mililita. Halafu, na hapa ndipo watu huchoka, anasubiri miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Chanjo ikitangulia chipu, kazi inaanza upya, kwa kuwa hakuna wa kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu.

Wengi husema huo ni usumbufu tu. Siamini hivyo, na ndiyo sababu nimeandika kitabu hiki. Mbwa aliyeng'atwa na mwenye kichaa anaweza kukaa wiki, hata miezi, akicheza na watoto uani, huku virusi vikipanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Damu yake itaonyesha kama chanjo imeshika. Haiwezi kuonyesha kama aling'atwa kabla ya kuchanjwa. Hilo huonyeshwa na muda, na miezi ile mitatu ni ya kumtazama.

Fani ya kudhibiti maradhi ya wanyama wanaovuka mipaka ilizaliwa na hasara. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, wakaacha sotoka, tauni ya ng'ombe, huko Ubelgiji. Miaka minne baadaye nchi 28 zilikubaliana jijini Paris kuunda chombo tunachokiita leo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, na mara ya mwisho ilionekana hapahapa Kenya, katika Hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Kwa hiyo kutokomeza ugonjwa kunawezekana.

Kichaa cha mbwa bado kipo. Duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa Lwakhakha wamo katika hesabu hiyo, hata wasipopanda ndege maishani mwao.

Kwa hiyo sura ya kwanza haianzii uwanja wa ndege, wala Kabete kwenye makao ya Kurugenzi ya Huduma za Mifugo. Inaanzia shingoni mwa mbwa mmoja, daktari akipitisha kifaa cha kusomea chipu na kungoja kilie.