Je, Wajua? Nani Hulipia Katuni za Watoto?

Mtoto wa miaka mitano hana pesa ya tiketi, na zipo nchi zisizotaka atangaziwe peremende. Mfanyabiashara akipiga hesabu, huona ni nafuu kununua katuni ya kigeni kuliko kutengeneza ya nyumbani. Basi zile za nyumbani hulipiwa na nani?

Je, wajua kwamba Sweden ilipiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12 tangu 1991? Ujerumani nayo ina KiKA, idhaa ya watoto iliyoanza 1 Januari 1997. Haina matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa ada ya utangazaji inayotozwa kaya.

Je, wajua kwamba sheria ya filamu ya Denmark hutenga walau robo ya ruzuku kwa filamu za watoto na vijana? Mtayarishaji wa filamu za watoto hasubiri wakubwa washibe ndipo apewe makombo.

Je, wajua kwamba Ufaransa hukata asilimia 10.72 ya kila tiketi ya sinema na kuipeleka kwenye taasisi ya taifa ya filamu, CNC, inayosaidia kazi za Kifaransa, katuni zikiwemo? Hata aliyekwenda kutazama filamu ya Hollywood amechangia.

Je, wajua kwamba 1 Mei 1969 mtangazaji wa watoto Fred Rogers aliokoa dola milioni 20 kwa maneno ya dakika chache? Rais Nixon alitaka fungu la utangazaji wa umma likatwe nusu. Rogers aliketi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na, bila kupandisha sauti, akasoma maneno ya wimbo wake wa kumfundisha mtoto kuzuia hasira. Mwenyekiti, John Pastore, aliyejulikana kwa ukali, alikiri mwili umemsisimka, na baada ya maneno ya wimbo akasema fedha zimepatikana.

Je, wajua kwamba Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza Novemba mwaka huohuo, kilizinduliwa kwa takriban dola milioni 8, na karibu nusu yake zilitoka serikali kuu? Zilizobaki zilitoka hasa kwa taasisi za hisani za Carnegie na Ford.

Je, wajua kwamba Abbas Kiarostami, mwongozaji mashuhuri wa Iran, alianzia kwenye taasisi ya umma ya watoto? Taasisi hiyo, Kanoon, ilianzishwa 1965, na filamu fupi ya kwanza ya Kiarostami, ya mtoto, mkate na mbwa kichochoroni, ilitoka 1970.

Je, wajua kwamba India ilikuwa na chama chake cha filamu za watoto tangu 1955, kikiungwa mkono na Waziri Mkuu Nehru?

Je, wajua kwamba Skam, tamthilia ya vijana iliyoanza 2015 na kutikisa Ulaya, ni kazi ya NRK, shirika la umma la Norway? Vipande vyake viliwekwa mtandaoni saa ileile tukio linapotokea hadithini: ugomvi wa Jumatatu asubuhi shuleni, uliuona Jumatatu asubuhi.

Je, wajua kwamba Bluey, yule mbwa wa buluu wa Brisbane anayependwa dunia nzima tangu 2018, alipewa fedha na Screen Australia na Screen Queensland, vyombo vya umma, kabla hajawa biashara kubwa?

Na huku kwetu Afrika?

Je, wajua kwamba Kami, mdoli wa miaka mitano anayeishi na VVU, aliingia Takalani Sesame, Sesame Street ya Afrika Kusini, mwaka 2002? Shirika la utangazaji la SABC na wizara ya elimu walishiriki, na walipa kodi wa Marekani wakachangia kupitia USAID.

Je, wajua kwamba Tinga Tinga Tales, katuni yenye michoro iliyozaliwa Dar es Salaam na kuchezeshwa na wachoraji wa Nairobi, ilionyeshwa 2010 na CBeebies, idhaa ya watoto ya BBC inayoendeshwa kwa ada ya leseni ya Waingereza?

Je, wajua kwamba filamu ya Supa Modo ya mwongozaji Likarion Wainaina, kisa cha binti mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamtengenezea filamu ya ushujaa, ilipata fedha za umma za Ujerumani na kuzinduliwa Berlin 2018? Nayo katuni ya Ubongo Kids ya Tanzania ilianza kurushwa na idhaa ya umma ya TBC1 mwaka 2014, lakini watengenezaji wake ni asasi isiyo ya faida inayotegemea sana wafadhili.

Je, wajua kwamba mfuko wa umma nao hufungwa? Ule wa Uingereza wa vipindi vya watoto na vijana ulianza 2019 ukafungwa 2022. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na shirika lililokuwa likizigawa likatangaza kufunga shughuli. Safari hii hapakuwa na Rogers.

Bajeti za Kenya, Uganda na Tanzania husomwa kila Juni. Tega sikio. Usiposikia fungu la vipindi vya watoto, muulize mbunge wako: katuni za wanetu zitalipiwa na kodi za wenzetu mpaka lini?