Susu amepimwa presha. Halafu nani anafuatilia?

Haya watu wa siasa, tumerudi. Kanuni za uzi huu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama, na ukileta matusi tunakublock bila kukuaga. Leo tunachambua swali ambalo halikosi kwenye midahalo: "Mtawafanyia nini wazee wetu wenye magonjwa ya kudumu?"

Majibu huwa mawili. Upande mmoja unasema, "Tumewapa CHP vifaa, wanafika hadi mlangoni." Upande wa pili unasema, "SHA haifanyi kazi, wazee wanateseka." Wote wanapigiwa makofi. Mimi naona wote wawili hawajalijibu swali.

Acha nianze nyumbani kwetu. Susu yangu (nyanya, kwa wale si Wakamba) yuko ushago, ana miaka 68, ana presha na sukari. Mwaka jana mhudumu wa afya ya jamii, jirani tu tunayemjua, alikuja na begi lake akampima. 178 kwa 102. Akamwandikia aende zahanati. Susu akaenda, boda 200 kwenda, 200 kurudi. Nesi akampima tena, akaandika dawa kwenye kitabu chake, kisha akamwambia ya presha imeisha, anunue kemisti. Akanunua za wiki mbili. Zilipobaki chache akaanza kumeza leo, kesho anaruka, ndiyo zisiishe haraka.

CHP alikuwa ameandika kwenye simu kwamba amemtuma zahanati. Zahanati ilikuwa imeandika kwamba amehudumiwa. Yaani kwa rekodi, kila mtu alifanya kazi yake. Mimi niligundua Desemba nilipoenda nyumbani nikahesabu vidonge.

Kwa hivyo tuelewane: kumpima mzee na kumtunza mzee ni kazi mbili tofauti. Presha na sukari haziponi kama malaria, unaishi nazo. Kumtunza ni kujua alipimwa lini, anameza nini, dawa zitaisha tarehe ngapi, na asipofika kliniki nani anabisha mlango. Hata siku za kliniki ni sehemu ya huo utunzaji. Kwa Susu, presha ni Jumanne na sukari ni Alhamisi. Mgonjwa ni mmoja, miguu ni ile ile, lakini nauli ni mara mbili. Hakuna sheria inayokataza kumwona siku moja. Hakuna tu mtu ambaye kazi yake ni kufikiria hilo.

Sasa tuingie kwa serikali. Jedwali la Nne la Katiba linagawa afya: serikali ya kitaifa ina sera na hospitali za rufaa za kitaifa, kaunti zina vituo vya afya, zahanati na maduka ya dawa ya umma. CHP yuko katikati. Mwaka 2023 wahudumu takriban 100,000 walipewa vifaa, ikiwemo mashine ya presha na ya sukari, na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka huo huo ikawatambua rasmi. Mmoja anatarajiwa kuangalia nyumba kama 100. Marupurupu ni 5,000 kwa mwezi, nusu inatoka serikali ya kitaifa na nusu kaunti. Ndiyo maana yakichelewa, kwenye mdahalo kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na wote wana ushahidi.

Lakini angalia jambo ambalo halisemwi. CHP haruhusiwi kuandika dawa. Anapima, anaelimisha, anatuma zahanati, anafuatilia. Dawa ziko zahanati, na zahanati inategemea kaunti iagize, kwa kawaida kutoka KEMSA. Kaunti ikiwa na deni, dawa zinachelewa. Kwa hivyo unaweza kuwa na CHP mzuri kabisa, mwenye mashine inayofanya kazi, na kazi yake ikawa kumwambia mzee kila mwezi kwamba presha imepanda.

Na SHA je? Hapa watu wanachanganyikiwa sana, hata wagombea. Mifuko ni mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: unalipia huduma za zahanati na vituo vya afya, level 2 na 3, na pesa zake si michango yako. Mzee akiwa amejisajili, hapaswi kuulizwa kama amechanga ndipo aonwe pale zahanati. Wa pili ni ule wa bima, wa hospitali kubwa. Huu ndio wa asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Sasa mwambie mkulima wa miaka 68 atoe 3,600 mwezi wa njaa.

Wa tatu ndio unaopendwa jukwaani, kwa sababu ya jina: dharura, magonjwa ya kudumu na magonjwa mahututi. Mtu akisikia "magonjwa ya kudumu" anadhani vidonge vya presha vya nyanya yake vimepata mwenyewe. Hapana. Kwa magonjwa ya kudumu, sheria inasema mfuko huo unaanza kulipa baada ya bima ya wa pili kuisha. Ni wa mtu ambaye tayari matibabu yamemlemea. Kidonge cha kila siku, kinachomzuia mzee asifike huko, kinategemea ule wa kwanza na kabati la zahanati. Mgombea akikutajia mfuko wa tatu ukimuuliza kuhusu presha, muulize tena.

Kuna na Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, lakini ni kuanzia miaka 70. Katiba inasema mzee ni kuanzia 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Susu yuko hapo katikati. Ni mzee kwa Katiba, bado kijana kwa malipo. (Nilimwambia hivyo akacheka sana.)

Si eti haiwezekani. Kule magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH, wenye mizizi Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret, ulijaribu vitu viwili vinavyonivutia. Kwanza, maduka ya dawa ya akiba karibu na vituo vya serikali: za serikali zikiisha, mgonjwa ananunua hapo kwa bei nafuu na pesa hiyo inarudi kununua dawa nyingine. Pili, wagonjwa wa presha na sukari wanakutana kwa kikundi kijijini, wanapimwa pamoja, na vikundi vingine vinaweka akiba na kukopeshana kama chama. Utafiti wao ulihusisha watu karibu 2,900. Presha ilishuka kwa wote, hata waliopata huduma ya kawaida, lakini kwa wastani ilishuka zaidi pale kliniki ya kikundi na akiba vilipoenda pamoja. Tofauti haikuwa kubwa mno, tusidanganyane. Ila wazo ni sawa: asiyefika anajulikana siku hiyo hiyo, maanake kiti chake kiko wazi.

Kwa hivyo mdahalo ujao, usiulize "mna CHP wangapi?" Uliza: zahanati za kaunti hii zilikaa siku ngapi bila dawa ya presha mwaka uliopita? CHP akituma mgonjwa, nani anahakikisha alirudi na dawa mkononi? Presha na sukari zitaonwa siku moja lini?

Na usingoje kampeni. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi wanapaswa kusikizwa. Nilienda kikao kimoja kama hicho. Tulikuwa watu kama 40, na karibu kila swali lilihusu barabara. Niliposimama kuuliza kuhusu dawa za presha, wazee watatu walinyanyua vitabu vyao vya kliniki juu. Afisa aliandika. Mistari miwili, niliihesabu.

Jumanne Susu anarudi kliniki. Nauli nimeshatuma, na yule CHP ameniahidi atanipigia simu jioni anisomee vipimo. Hiyo simu atapiga kwa kredo yake mwenyewe.