Damu, ubongo na uzee: maradhi ya Alzheimer huanzia wapi?

Katika mji wa Vaughan, kaskazini mwa Toronto nchini Kanada, wanaishi wazee waliozaliwa Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Uganda. Wako walioondoka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wako waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Sasa wamefikia umri ambao jamaa zao hujiuliza: je, huku kusahau ni uzee tu, au ni maradhi ya Alzheimer?

Sehemu ya jibu imo katika mishipa ya damu. Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Nao hauna akiba ya kutosha, hivyo hutegemea damu inayosukumwa na moyo kila dakika. Kadiri umri unavyosonga mbele, mishipa hukakamaa na damu inayofika ubongoni hupungua polepole. Hilo ni jambo la kawaida.

Kwa mgonjwa wa Alzheimer, upungufu huo huwa mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba protini ya amiloidi hujikusanya kwanza ubongoni, na mengine hufuata. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, walichapisha uchambuzi wa picha zaidi ya 7,700 za ubongo wa watu 1,171. Walibaini kuwa kuvurugika kwa mtiririko wa damu kulitangulia mabadiliko ya amiloidi. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba damu ndiyo chanzo pekee, kwani mambo hayo mawili huchocheana: amiloidi hudhuru mishipa midogo, na mishipa dhaifu hushindwa kuuondolea ubongo taka zake.

Tiba ya kuponya maradhi haya haijapatikana. Lakini shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa sigara, ambavyo huharibu mishipa, vinaweza kudhibitiwa, na ni bora kuanza mapema, mtu angali na umri wa makamo.

Mzee anayechelewa kukumbuka jina, kisha akalikumbuka, hana sababu ya kutiwa hofu. Anayepotea katika njia aliyoizoea, huyo apelekwe kwa daktari, akifuatana na mtu anayeijua vyema lugha yake. Kusema "ni uzee tu" kunaweza kumnyima msaada anaouhitaji.