Marehemu Alikuwa na Ng'ombe kwa Nani?

Mgeni akihudhuria msiba kwetu Ikungi kwa mara ya kwanza huondoka na hukumu moja: sisi Wanyaturu tunapenda ng'ombe kuliko wafu wetu. Ameshuka kwenye basi la Dodoma au la Mwanza, amelia kaburini, amekula ugali wa uwele na mlenda. Jioni, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, anawasikia wazee wakiulizana marehemu alikuwa na ng'ombe kwa nani, na nani alikuwa na ng'ombe kwake. Hapo anashika tama. Shemeji yangu mmoja, mtu wa pwani, alinyanyuka kwenye mkeka akasema waziwazi kwamba kwao mtu huzikwa kwanza, mali yake ikasubiri. Wazee hawakumjibu. Nitamjibu mimi, kwa sababu marehemu aliyekuwa akizungumzwa jioni ile alikuwa baba yangu.

Shemeji aanze na udongo wetu. Sehemu kubwa ni kichanga, mvua ni za msimu mmoja na mara nyingine hukatika mapema. Mtama na uwele huvumilia, lakini shamba lisilotiwa samadi huchoka upesi. Kwa hiyo asiye na ng'ombe ana njaa mbili, ya maziwa na ya shamba. Dawa yake ni jirani au ndugu mwenye mifugo kumkabidhi mtamba amtunze. Maziwa ni ya mtunzaji, samadi ni yake, na ndama hubaki mali ya mwenye ng'ombe, ingawa mtu muungwana humwachia mtunzaji mmojawapo baada ya miaka. Mwenye ng'ombe naye amejikinga: ugonjwa ukiingia zizi moja, au nyasi zikiisha upande wa Mungaa, atakuwa na wengine Sepuka, au Mgungira kuelekea mbuga ya Wembere.

Mmarekani Harold Schneider, aliyekaa kwetu mwishoni mwa ukoloni, aliyaona hayo na mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya Wahi, Wanyaturu wa upande wa kusini, akieleza uchumi wao. Kwake ng'ombe alikuwa mtaji na mfugaji alikuwa mtu wa kupiga hesabu. Sina ugomvi naye, hesabu tunapiga. Ila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha msiba anajua kwamba hesabu ile ndiyo njia yetu ya kumsimulia mtu.

Kikao chenyewe huenda hivi. Mzee wa ukoo husimama akatangaza kwamba aliyekuwa akimdai marehemu aseme, na aliyekuwa akidaiwa naye aseme. Hapo hutulia kidogo, maana kujitaja mdaiwa wa mtu aliyekwisha kuzikwa kunahitaji moyo: angeweza kunyamaza na deni likafa. Kisha mmoja hujikohoza. Na hakuna anayeruhusiwa kusema "nina ng'ombe wake" akakaa chini. Ataeleza alipewa lini, kwa sababu gani, marehemu alisema nini siku ile, nani alikuwapo, na yule ng'ombe amezaa mara ngapi.

Ndivyo nilivyomjua baba. Mtu kutoka Issuna, ambaye hakuna mtoto hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona, alisimulia jinsi alivyofiwa na maksai wake wawili msimu wa kulima, na jinsi baba alivyomfikia alfajiri akiwa anaswaga dume na mtamba, akamwambia dume ni wa jembe na mtamba ni wa watoto. Kijana mmoja alitaja ng'ombe aliyemrithi kwa baba yake mwenyewe, yaani deni lililokwisha kuzika mdaiwa wa kwanza na sasa limemzika mwenye mali. Na mzee mmoja wa kijiji cha jirani alisema, bila kupepesa macho, kwamba baba alinunua fahali kwake kwa ahadi, akamaliza nusu ya bei, na kila alipokumbushwa akawa mkali. Tulikunja nyuso. Mzee wa ukoo aliuliza tu kama kuna shahidi. Alikuwapo, na deni likalipwa kabla matanga hayajaanuliwa.

Nimehudhuria misiba mingi ya mjini tangu wakati huo. Kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti, fulana zenye picha ya marehemu, na wasifu uliochapwa: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Kisha daftari la rambirambi husomwa ili ijulikane nani ametoa nini. Daftari lile linatueleza waliohudhuria. Wasifu ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Mzee wa fahali asingepewa kipaza sauti, na mimi ningebaki na baba nusu: mpole aliyeamka alfajiri, bila yule aliyekuwa mkali anapodaiwa. Shemeji aniambie ni wapi marehemu ameheshimiwa zaidi.

Sisemi kila tulichofanya zamani kirudi. Kunyolewa nywele kwa wafiwa, anayetaka anyolewe. Mtukuru, pombe ya matambiko, umekatazwa na walokole na unanyweka vilevile. Kumkabidhi mjane kwa shemeji yake kama mzigo kumekufa katika nyumba nyingi, na kuzikwe kabisa.

Lakini kikao hiki kinakufa pia, na hakifi kwa sababu ni kibaya. Kilianza kupigwa na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa kutoka mashamba waliyoyatia samadi miaka nenda rudi, wakaacha mahame na makaburi ya baba zao nyuma. Mtu aliyemkabidhi ng'ombe jirani yake alijikuta jirani amepelekwa kijiji kingine. Siku hizi malisho yamebanwa na mashamba, alizeti inalipa fedha mkononi, na kijana akipata chochote hununua pikipiki. Simlaumu. Ila pikipiki humpeleki mtu akaitunze, izae, na mtoto wake aje kuitaja mbele ya kaburi lako.

Kikao kilichobaki ni kile cha mahakama. Mahakama ya Mwanzo huhitaji muhtasari wa kikao cha ukoo ili imthibitishe msimamizi wa mirathi, basi ndugu wanakaa nusu saa, wanaandika waliohudhuria na aliyeteuliwa, wanatia sahihi, na wenye mabasi wanawahi mabasi. Mali imetajwa; mwenye mali hakutajwa.

Hapa ndipo ninapowageukia wazee wetu pia, maana wageni si wakosaji peke yao. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba hakuwa na daftari, na mali yake haikupotea, kwa sababu mama alikuwapo. Kila msimuliaji alipokosea rangi ya ng'ombe, mwaka wa njaa, au idadi ya ndama, wazee waligeuka upande wa wanawake wakamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye akasahihisha. Alikumbuka hata mtamba ambaye hakuna mtu aliyemdai wala kudaiwa: baba alimpeleka kwa bibi yetu mzaa mama, mwaka wa njaa, mahari ikiwa imekwisha kutolewa zamani, na hakutaka atajwe. Sijawahi kumsikia mama akisema kwamba mume wake alimpenda. Nilimsikia akitaja mtamba huyo.

Sasa tazama. Sheria ya mila ya urithi, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ilikusanya desturi za makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, ikaandika kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania irekebishe mambo haya. Wazee wakisikia hivyo husema mila zetu zinashambuliwa. Mimi nauliza: mila ipi? Ile niliyoiona jioni ile ilimfanya mama kuwa shahidi ambaye hakuna mwanamume aliyethubutu kumpinga. Mtu anayeaminiwa kusema ng'ombe yupo kwa nani inakuwaje asiaminiwe kuwa naye?

Kwa hiyo ukoo wetu ukitaka kuilinda mila yake, uwaite wanaodai na wanaodaiwa kabla ya karatasi ya mahakama kuandikwa, usiwaharakishe kwa ajili ya basi, na msimamizi wa mirathi awe mjane mwenyewe. Shemeji yangu naye akija tena, namwomba avumilie mpaka msimuliaji wa mwisho amalize.