Gesi za atomi za baridi kali

Gesi za atomi za baridi kali ni gesi nyembamba sana zinazopozwa katika maabara hadi karibu na sifuri halisi, yaani nyuzi −273.15 za Selsiasi. Kwa kawaida halijoto yake huwa chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini. Katika hali hiyo kanuni za fizikia ya kwanta hudhihirika katika kundi zima la maelfu au mamilioni ya atomi. Kwa sababu hiyo wanafizikia huzitumia kuchunguza jinsi chembe nyingi zinazoathiriana zinavyotenda kwa pamoja.

Tatizo la chembe nyingi

Mlinganyo mkuu wa fizikia ya kwanta unajulikana tangu mwaka 1926, ulipoandikwa na Erwin Schrödinger. Ugumu uko katika wingi. Tuchukue chembe yenye hali mbili tu, juu au chini. Chembe mbili zina mipangilio 4, chembe kumi zina 1,024, na chembe 300 zina mipangilio mingi kuliko idadi inayokadiriwa ya atomi zote za ulimwengu unaoonekana. Mipangilio hiyo yote huweza kuwepo kwa mchanganyiko, hivyo kompyuta ingepaswa kutunza namba kwa kila mmoja. Kujenga kompyuta kubwa zaidi hakusaidii sana, maana kila chembe inayoongezwa huzidisha kazi mara mbili. Na kipande kidogo tu cha shaba kina elektroni nyingi mno kuliko 300.

Mwaka 1982 Richard Feynman alichapisha wazo la kutumia mfumo mmoja wa kwanta kuiga mwingine. Gesi baridi ni njia mojawapo ya kulitekeleza.

Kupoza

Hatua ya kwanza hufanywa kwa leza. Rangi ya mwanga huchaguliwa ili atomi inayouelekea mwali ndiyo iunyonye zaidi; kila inaponyonya hupungua kasi, kama chombo kinachokutana na upepo wa mbisho. Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1997 kwa mbinu hii.

Hatua ya pili ni uvukizi, ule ule unaopoza maji ya mtungi. Atomi zenye nishati kubwa huachwa zitoroke kutoka kwenye mtego wa sumaku, na zinazobaki hugongana na kutulia katika halijoto ya chini zaidi. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya atomi hupotea.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini gesi hiyo haiwi mango. Ingekuwa mango, kama ingedumu muda wa kutosha. Lakini ili atomi mbili zishikamane, lazima awepo mshirika wa tatu wa kuondoka na nishati inayobaki, na katika gesi nyembamba kuliko hewa mara laki moja au zaidi, atomi tatu hukutana kwa nadra. Sekunde chache zinazopatikana zinatosha kwa jaribio.

Mgando wa Bose-Einstein

Kila atomi ina tabia ya wimbi, na wimbi hilo hurefuka kadiri atomi inavyopoa. Atomi ya rubidi katika halijoto ya chumba ina wimbi fupi kuliko atomi yenyewe. Kwenye sehemu 100 za bilioni ya kelvini urefu wake hukaribia nusu ya maikromita. Mawimbi ya atomi jirani yakifikia kuingiliana, atomi za aina ya bosoni hukusanyika katika hali moja. Jina "mgando" lisimpotoshe msomaji: hakuna kinachoganda kama barafu.

Msingi wa nadharia uliwekwa mwaka 1924 na Satyendra Nath Bose, aliyekuwa Dhaka. Alimpelekea Albert Einstein makala yake, naye akaitafsiri kwa Kijerumani na kuiendeleza. Uthibitisho katika gesi ulikuja mwaka 1995, Eric Cornell na Carl Wieman walipopata mgando wa rubidi huko Boulder, Marekani. Wolfgang Ketterle alifanikiwa mwaka huo huo kwa sodiamu. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya 2001.

Trei la mwanga

Miali ya leza inayopishana huunda vishimo vya mwanga vilivyopangwa kama trei la mayai, na atomi hukaa humo mithili ya elektroni katika fuwele. Tofauti ni kwamba hapa mtafiti anaweza kubadili kina cha vishimo apendavyo.

Mwaka 1998 Peter Zoller na wenzake walitabiri matokeo ya kufanya hivyo, na mwaka 2002 kundi la Immanuel Bloch na Theodor Hänsch huko München, Ujerumani, liliyaonyesha. Vishimo vikiwa na kina kidogo, kila atomi huenea katika trei zima, na gesi ikiachiliwa huchora madoa makali ya mawimbi yanayokutana. Vishimo vikiongezwa kina, msukumano baina ya atomi hushinda: kila kishimo hushika idadi kamili ya atomi na madoa hufifia. Kina kikipunguzwa tena, madoa hurudi. Kurudi huko ndiko kulikothibitisha kwamba gesi haikuwa imepata joto na kuharibika tu.

Fermioni

Elektroni ni fermioni, chembe ambazo haziwezi kushiriki hali moja, hivyo kuziiga kunahitaji atomi za jamii hiyo, kama potasiamu-40 na lithi-6. Swali linalosubiri jibu ni jinsi baadhi ya seramiki za shaba na oksijeni, zilizogunduliwa mwaka 1986, zinavyopitisha umeme bila ukinzani. Mwaka 2017 kundi la Markus Greiner katika Chuo Kikuu cha Harvard liliziona atomi za lithi, moja moja kwa hadubini, zikijipanga kwa kupishana juu na chini katika trei lote la vishimo takriban 80. Mpangilio wa namna hiyo hupatikana katika seramiki hizo kabla hazijaongezewa viambato vinavyoziwezesha kupitisha umeme hivyo.